Honi Nyuma ya Kabaza

Jumanne, tarehe 7 Februari 2017, kwenye barabara ya kwenda Salima, Limbikani, akiendesha kabaza, baiskeli yake ya kubeba abiria, alisikia honi ya lori nyuma yake asijue ashukie wapi.

Kila mwendesha kabaza anajua kwamba honi ikilia, baiskeli huiacha lami ikashuka vumbini. Lakini mvua ilikuwa imeula ukingo wa barabara, na palipokuwa na vumbi sasa palikuwa na korongo. Kwenye kiti cha abiria alikaa mama mjamzito aliyekuwa akienda kliniki.

"Shuka, kaka! Litatusaga!"

"Nishukie wapi, amai? Korongoni?"

"Basi usishuke!"

"Sasa unataka nifanye nini?"

"Hata mimi sijui!"

Mama alilishika shati la Limbikani kwa nguvu hata kifungo cha juu kikambana koo. Honi ikalia tena, karibu zaidi. Limbikani, bila kuelewa mikono yake inafanya nini, akakata usukani kulia, akaingia katikati ya njia.

Breki zikalia. Lori likasimama, bampa likikaribia kugusa kitenge cha mama.

"We! Barabara ya baba yako hii?" dereva alifoka.

Limbikani akageuka kulitazama. Hakuwahi kuona lori likisimama kwa ajili ya mtu wa baiskeli.

"Kanyaga," mama alinong'ona.

"Hapa hapa katikati?"

"Hapa hapa."

Akakanyaga. Nyuma yao lori likaanza kuja polepole, bila honi.

Ewe uliyesoma, msomee na dereva mmoja unayemfahamu.