Ubeti wa Mgodini

"Mama, huo ubeti wa mgodini tuutoe," alisema yule bwana wa mjini, akisimamisha mashine yake ya kurekodi. "Hii ni santuri ya Krismasi. Watu wanataka theluji na kengele, siyo maiti."

Orlena aliweka chini banjo, gitaa lake dogo la duara. Wimbo huo aliutunga mwenyewe, mgodi wa makaa ya mawe wa huko Kentucky, Marekani, ulipomfukia mumewe mkesha wa Krismasi.

"Huyo unayemwita maiti ana jina, wewe!"

"Usikasirike, mama. Wimbo wote nimeshaurekodi, ubeti huo nitaukata mwenyewe nikifika mjini."

Orlena aliinuka, akaung'oa utepe kwenye mashine. Ulimiminika mikononi mwake, laini kama utumbo wa kuku. Akafungua kilango cha jiko la chuma lililokuwa likiwaka.

"Mama, hapana! Sina mwingine!"

"Hata mimi sikuwa na mwingine," alisema Orlena, akautumbukiza wote motoni.