Kujaribu Wino

Muhuri ulishachongwa jina lake, na chini ya jina: MHASIBU MKUU.

Binti aliugeuzageuza mkononi. Mpira wake ulikuwa mpya kabisa. Yeye mwenyewe hata cha kusoma alikuwa hajachagua.

"Shemeji, mbeleko haikatwi mtoto hajazaliwa," Mama alisema, nusu utani.

"Mimi nakata mapema," Baba mdogo alicheka, tumbo likaisukuma meza. "Mtoto nishamjua."

Chuo kikuu kilikuwa kimemwita Binti kusoma digrii ya biashara, na jibu lilitakiwa Jumatatu. Baba mdogo alitaka aachane nayo, afanye mitihani ya bodi ya wahasibu. Jioni asome, mchana akae hapahapa ofisini. Ada juu yake.

"Digrii ya biashara ninayo mimi," alisema. "Nilichofundishwa ni kuongea. Digrii ni mdomo, mwanangu. Uhasibu ni mkono. Mdomo ninao. Mkono ndio sina."

Binti aliangalia dirishani. Kiti cha baba yake kilikuwa bado pale, koti limetundikwa mgongoni. Hakuna aliyeligusa tangu asubuhi ile walipomtoa humu, watu wawili wamemshika huku na huku. Tangu hapo nyumba yao ilisimama kwa mfuko wa Baba mdogo.

Kuongea ndiko kulikomtisha. Siku ya kuagana shuleni waliomba atoe neno la shukrani. Alisema "asanteni", akakaa. Huko kwenye digrii angesimamishwa mbele ya watu kila wiki. Namba hazimsemeshi mtu.

Tena uhasibu ulikuwa wa baba. Kila mwisho wa mwaka alirudi nyumbani kidole gumba kina wino, anavua viatu mlangoni, anasema, "Nimezifunga." Alimaanisha hesabu. Binti, mdogo wakati huo, alidhani namba zinafungwa kwa kamba kama mbuzi.

"Na kazi yenyewe itakuwaje?" aliuliza, sauti haifiki hata ukutani.

"Nyepesi. Karatasi naandaa mimi, wewe unagonga tu."

"Na nikiona kitu hakijakaa sawa?"

Baba mdogo alimtazama kidogo, kisha akatabasamu. "Ndiyo maana nakutaka wewe. Mpole kama baba yako. Kaka hakunisumbua kwa swali hata siku moja."

Binti aliona haya. Hakuna aliyewahi kumsifia ukimya.

"Basi nitasoma uhasibu," alisema.

Mama alijifuta macho kwa upindo wa nguo. Baba mdogo akafungua kidau cha wino, akavuta karatasi iliyokuwa juu ya nyingine, akabandika kiganja chake kipana juu ya maandishi.

"Gonga hapa chini, tujaribu wino."

Binti akagonga. Jina lake likatoka zuri, halina doa. Baba mdogo aliipuliza ile karatasi ikauke, akaitia kwenye droo, akazungusha ufunguo.

Jumapili walikwenda kumwambia baba.

Mama alivaa nguo ya heshima. Njia nzima hawakuzungumza, ndivyo walivyozoea wakienda kule. Walipita geti, wakafuata ukuta mrefu mweupe. Nyasi zilikuwa zimekatwa vizuri na hakukuwa na kelele. Mama alibaki nyuma kidogo ili mtoto aseme yake kwanza, maana akianza yeye huwa analia.

Binti alisimama, akainamisha kichwa. Kwa baba hakuwa na haya. Alimweleza yote: digrii aliyoiacha, ada, koti ambalo bado liko kitini.

"Nitakaa kwenye kiti chako, baba. Muhuri nishapewa, una jina langu. Nataka baraka zako tu."

Halafu vidole viwili vilipenya kwenye matundu ya wavu, vikakishika kidole chake.

"Umeshagonga?"

"Mara moja tu. Tulikuwa tunajaribu wino."

Askari aligonga rungu kwenye chuma. "Mfungwa, muda."

Baba hakuachia kidole. "Hata mimi," alisema, "nilianza kwa kujaribu wino."