Mzee wa Kiti cha Mbele

Mzee amekuja tena. Sheikh Idrisa alimwona hata kabla hajashika kipaza sauti. Kiti cha mbele, kofia ya pama gotini, hapepesi macho. Butiama nako kamfuata!

Ilianzia Bunda, kwenye mdahalo wa kwanza wa masheikh na wachungaji. Uwanja umefurika, na huyo hapo Mzee Burito wa Kibara, baba yake mzazi, ambaye hakuwahi kumwona tena tangu amfukuze. Enzi hizo Idrisa alikuwa bado Chrispin, kijana wa kwaya, na alikuwa amesema mbele ya ukoo mzima kwamba amesilimu. Baba hakumpiga. Alisimama kizingitini, akaugonga mlango kwa kiganja.

"Kuanzia leo sauti yako isiingie tena masikioni mwangu. Mungu anasikia."

Kauli ya mzazi si mchezo, jamani. Idrisa alikwenda nayo madrasani Tanga, akavuka nayo mpaka Khartoum, akarudi nayo pamoja na vitabu vyake. Habari za nyumbani zilimkatikia kabisa. Watu walimsifu kwa sauti tamu, kumbe kila alipofungua kinywa alimsikia baba yake kizingitini. Alikuwa akitaka kitu kimoja tu duniani: mzee amjibu neno, hata likiwa tusi.

Siku ile ya Bunda spika zilipiga yowe la kutoboa kichwa. Uwanja mzima ukaziba masikio, Mchungaji Hezron, mpinzani wake jukwaani, akiwemo. Mzee hakutikisika. Lo, moyo gani huu, Idrisa aliwaza, hata kero ya wenzake haimgusi.

Musoma akajaribu. Aliacha hoja yake katikati, akamwita baba kwa lugha ya nyumbani, kipaza sauti mdomoni: "Tata!"

Watu waligeuka kutafuta anayeitwa. Mzee aliendelea kumtazama vilevile. Sala ya kufunga ilipoanza, alivaa kofia yake akaondoka.

Na sasa Butiama. Hezron, aliyekuwa ameshasimuliwa yote, alimsogelea sikioni.

"Shuka, ndugu yangu. Hawa niachie mimi."

Sheikh alishuka jukwaani, kanzu ikiburura vumbi, akapiga magoti mbele ya kile kiti.

"Baba, nijibu. Hata ukinilaani mara ya pili, nijibu tu."

Mzee alimkazia macho mdomoni. Kisha akanyoosha mkono, akamshika koo. Watu wakaguna, na vijana wa msikitini wakainuka. Idrisa hakurudi nyuma. Akiniua, aliwaza, walau atakuwa amenigusa.

Lakini vidole havikukaza. Vilikaa palepale kooni, na mzee machozi yanamtiririka.

Mwanamke mmoja alipenya katikati ya watu, chupa ya maji mkononi. Alikuwa Debora, mdogo wake Idrisa, ambaye safari hii ndiye aliyemleta mzee.

"Ongea tena, kaka," alisema, naye analia. "Anataka aishike sauti yako. Baba hasikiagi hata radi, tangu asubuhi ileile uliyoondoka."