Unyayo wa Kornel

Akiwa ameketi kwenye benchi, Kornel alikanyaga ubao kwa mguu wake mmoja uliobaki, na kipande cha mninga kikaanza kuzunguka. Ufito uliopinda juu ya kichwa chake ukavuta kamba, ubao ukapanda, akakanyaga tena.

Msimu mzima wa mvua alikuwa akiliunda kerezo hilo, mtambo wa kuchongea mti kwa kuuzungusha, uani kwake Kiegei, na leo lilikubali. Patasi ilimenya mti, maranda yakamwagika chini.

"Linazunguka," alimwambia mkewe, aliyekuwa akipepeta mbaazi kando yake.

Mkewe aliinua uso, akatabasamu, kisha akauweka ungo chini.

"Baba, hebu acha kwanza. Damu hiyo inatoka wapi?"

Kornel alitazama. Maranda yalikuwa yamelowa. Msumari ulikuwa umetokeza kwenye ubao, na kila alipokanyaga ulimchoma unyayo.

Mkewe alipiga magoti, akaushika mguu, akavibana vidole kimoja kimoja. "Unasikia maumivu?"

Kornel hakusikia hata joto la mikono ya mkewe. Swali hilo ndilo alilouliza daktari wa sukari mwaka jana, kabla mguu ule mwingine haujakatwa.

"Nasikia," alijibu. "Taratibu, unaniumiza."