Nukta Nyekundu

Kila fundi Zamda alipounganisha Wi-Fi, kompyuta ya Mwalimu Kyando ilijizima.

"Umeipeleka kwa fundi mwingine!" alimfokea mbele ya wateja. "Wanawachokonolea huko, halafu mnaniletea mimi."

"Sijaipeleka popote, fundi. Matokeo ya wanafunzi yanatakiwa saa nane."

"Muongo! Ngoja nikuumbue."

Alichomoa kadi ya Wi-Fi, akawasha tena. Mashine ikatulia. Kumbe kadi ndiyo mbovu. Kila fundi wa mji ule huweka alama yake kwenye kifaa alichofunga, kwa hiyo aliigeuza kadi kwa hamu ya kumtaja mhusika.

Pembeni palikuwa na nukta nyekundu ya rangi ya kucha.

"Haya, niumbue," mwalimu alisema, akinyoosha mkono apewe kadi.

Zamda aliifunika nukta kwa kidole gumba. Kucha yake ilikuwa nyekundu vilevile.