Maji ya Shekue

Huku kwetu horini, mkono wa bahari ulioingia nchi kavu, mtu akizama asionekane, haandikwi amekufa mpaka maji yaliyomchukua yatoke kwenda bahari kuu. Hapo ndipo mkewe anaanza eda. Serikali imetia majini chembe za kuyafuatilia, na kila nyumba ina kipimio ukutani kinachosema maji ya nani yamefika wapi.

Ya mume wangu Shekue yalitoka. Nikakaa eda, nikaimaliza, alhamdulillahi. Jana nilivua nguo za eda, na wifi yangu Mwanakheri akanipaka hina.

Leo asubuhi kipimio kikasema: "Bi Riziki, hesabu imerekebishwa. Maji ya Shekue hayakutoka. Yalizunguka mlangoni mwa hori yakarudi ndani. Wewe bado ni mke."

"Mke wa nani, na hitima tumeshasoma?"

"Wa kaka yangu," Mwanakheri akacheka. "Tena umeshajipamba! Una bahati wewe!"

Aliponiona sicheki, akanifunika hina kwa kanga yake.

Nikaenda kwa imamu. Akasema mashine haijui dini, kisha akasema aliyepotea naye ana hukumu zake, nimwache kwanza asome vitabu vyake. Nikarudi nyumbani. Nikanyanyua mikono kuomba dua: nimwombee Shekue rehema, au nimwombee arudi salama?

Alasiri kipimio kikasema leo ni bamvua, bahari itajaa kupita kawaida, na maji ya Shekue yatafika hadi mlangoni petu.

"Wifi," Mwanakheri amenong'ona sasa hivi, "yanagonga ngazi."

Nimesimama nyuma ya mlango. Mke humfungulia mumewe. Mjane hana wa kumfungulia. Mkono wangu uko kwenye komeo, nao hausogei.