Doa kwenye Shuka Jeupe

Navtej alipoinuka tu, akaliona: doa la usaha na damu, palepale alipokuwa amekaa, kwenye shuka jeupe lililotandikwa sakafu nzima ya hekalu.

Akakaa tena upesi, uso umemwiva. Ibada ilikuwa imekwisha, na Masingasinga wenzake wa pale mjini Yuba City walikuwa wakielekea kula.

Ni kazi yake ya kuendesha lori. Kukaa kwenye usukani kutwa kulizikandamiza nywele hadi zikazama chini ya ngozi, juu kidogo ya mfereji wa makalio, zikafanya kishimo chenye usaha. Daktari alitaka kukisafisha, na nywele za pale ziwe zinanyolewa kila mara. Zinyolewe! Kwa Singasinga, kunyoa nywele yoyote ya mwili ni mwiko. Wembe haujawahi kumgusa tangu azaliwe. Badala yake akawa anakunja kitambaa na kukisitiri ndani ya suruali.

"We, huinuki? Umeota mizizi?" Baba yake alikuwa amesimama mbele yake, ndevu nyeupe hadi kifuani.

"Tangulia, Baba. Nakuja."

Mzee akamzunguka, akachungulia. Navtej akainamisha kichwa, akitamani ardhi ipasuke immeze.

Shali ya mzee ikamwangukia mabegani. "Jifunge kiunoni, uende kwenye gari." Navtej akainuka akijifunga, na mzee, magoti yakimlia, akaketi juu ya lile doa.

"Baba, daktari anataka..."

"Najua anachotaka," mzee akanong'ona, huku akiwapungia watu mkono. "Miaka yote ile niliyoendesha lori, unadhani aliyekuwa akininyoa huko ni nani, kama si mama yako?"